Sura ya Saba: Jiwe Linalovuka Maji

Kabla fundi hajalitia msumeno bamba la granaiti litakalowekwa jikoni Nkombo, safari imekwisha kuamua mengi juu yake. Kama ni lile jeusi lenye vimetameta vya rangi ya shaba, ambalo wauzaji huliita Galaxy, asili yake ni machimbo ya Chimakurthi, karibu na mji wa Ongole, jimbo la Andhra Pradesh nchini India. Limepanda meli, likashuka pwani yetu, likapakiwa lorini na kupandishwa nyanda za juu hadi Rwanda. Kama ni jiwe la nyumbani, huenda limechongwa katika kiwanda cha East African Granite Industries kilichoko Nyagatare, pembe ya kaskazini-mashariki ya nchi, na Nkombo iko pembe ya kusini-magharibi. Katikati kuna milima, kuna Kigali, kuna barabara ya msitu wa Nyungwe na kona zake zisizokwisha, kisha mji wa Kamembe. Baada ya Kamembe kuna maji.

Nkombo ni sekta ya wilaya ya Rusizi, kisiwa chembamba chenye vilima katika ncha ya kusini ya Ziwa Kivu. Wenyeji wake wanajulikana kwa uvuvi wa sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa mitumbwi yao inayofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu na kuingia ziwani usiku na taa zake. Kila mfuko wa saruji, kila bati, kila dirisha la kioo linalojengewa nyumba ya kisiwani limevushwa kwa chombo na kubebwa kutoka ufukweni.

Nimeichagua Nkombo kwa sura hii kwa sababu kisiwani hakuna nafasi ya kuahirisha swali la jointi, yaani vipande vya jiwe vikutane wapi. Mjini swali hilo huahirishwa hadi dakika ya mwisho. Kuta zinajengwa, slabu ya zege ya kaunta inamwagwa, sinki linanunuliwa, na ndipo fundi anapokuja na kanda zake za granaiti, anaanza kulaza kutoka upande mmoja, na pale ukanda unapoishia ndipo jointi inapoangukia: mbele ya sinki, juu ya uwazi wa mtungi wa gesi, popote pale. Mwenye nyumba anaiona siku ya kukabidhiwa, anauliza, anajibiwa kuwa jiwe halikutosha. Kwa kweli jiwe lilitosha. Kilichokosekana ni mchoro. Anayejenga Nkombo analazimika kujua urefu wa kila kipande kabla hakijaondoka bara, kwa hiyo analazimika kujua mahali pa kila jointi. Ningependa kila anayejenga jiko, awe Kinondoni au Kisumu, afikiri kama mtu wa kisiwani.

Tuanze na uzito, maana ndio unaotawala mengine yote. Meta moja ya mraba ya granaiti yenye unene wa milimita 20 ina uzito wa takriban kilo 54. Ikiwa na milimita 30, inafika kilo 81. Ukanda wa kawaida wa kaunta, meta 2.4 kwa sentimita 60, wa milimita 20, una karibu kilo 78. Watu wawili wenye nguvu wanauinua. Lakini wakiubeba umelala, kila mmoja akishika ncha yake, wanauweka katika hali mbaya kuliko zote utakazopata maishani mwake.

Granaiti ina nguvu kubwa sana ya kustahimili kubanwa na nguvu ndogo ya kustahimili kupindwa. Kiwango cha Marekani cha granaiti ya ujenzi kinataka jiwe listahimili angalau megapaskali 131 likibanwa, lakini likipindwa kinataka 10.3 tu, yaani chini ya sehemu moja ya kumi na mbili. Sasa piga hesabu ya ule ukanda wa meta 2.4 ulioshikwa ncha mbili ukiwa umelala. Uzito wake wenyewe unaupinda katikati kwa nguvu ya karibu megapaskali 5.7. Zaidi ya nusu ya uwezo wake imekwisha kutumika kabla mbebaji hajapiga hatua. Akijikwaa, au chombo kikiruka juu ya wimbi na kutua, nguvu hiyo inaweza kuongezeka maradufu, na jiwe linakatika katikati kwa mlio mmoja mkavu.

Ukanda huohuo ukisimamishwa kwa ubavu, upana wake wa sentimita 60 ukiwa wima, nguvu ya kuupinda inapungua mara 30. Inabaki chini ya megapaskali 0.2. Ndiyo maana wabebaji wanaoijua kazi hawalazi jiwe kamwe. Wanalisimamisha lorini kwenye fremu ya mbao yenye umbo la herufi A, nyuso zilizong'arishwa zikitazamana na nguo katikati, na kulifunga kamba lisitikisike. Katika chombo cha majini fremu hiyo inakaa chini kabisa katikati, ili uzito usikipe chombo wazimu wa kulala upande, na safari hufanywa asubuhi kabla upepo haujachafua ziwa.

Hesabu ya tatu ndiyo inayotupeleka kwenye jointi. Ukikata urefu wa jiwe nusu, nguvu inayolipinda kwa uzito wake haipungui nusu. Inapungua hadi robo. Kipande cha meta 1.2 kikibebwa kimelala, hata kwa makosa, kina megapaskali 1.4 tu. Kila jointi unayoikubali inanunua usalama mwingi kuliko inavyoonekana. Wenye nyumba wengi huja na amri moja, kwamba hawataki jointi hata moja. Naielewa hamu hiyo, maana jiwe moja refu lisilokatika linapendeza. Lakini katika nyumba inayofikiwa kwa lori, kisha chombo, kisha njia ya mguu ya kupanda kilima, amri hiyo maana yake ni kuiachia njia ichague. Nayo njia ikichagua, huchagua mstari wa kupindapinda, penye udhaifu mkubwa kuliko pote, na haimwombi mtu ruhusa.

Sasa tuchore jiko. Tuchukue umbo linalopatikana sana katika nyumba zetu, herufi L. Ukuta mrefu una meta 3.6 kutoka kona hadi mwisho, ukuta mfupi una meta 2.4, na upana wa kaunta ni sentimita 60. Dirisha liko katikati ya ukuta mrefu, na mwenye nyumba anataka sinki chini ya dirisha, ombi ambalo sijawahi kuona sababu ya kulikataa. Kwa hiyo kitovu cha sinki kiko meta 1.8 kutoka konani.

Mtu asiyechora atasema: ukuta mrefu ni meta 3.6, nitaugawa sawasawa, meta 1.8 na meta 1.8. Jointi yake itapita katikati ya sinki. Au atasema: kanda zangu ni za meta 2.4, nitaanza na mzima kutoka konani, nimalizie na kipande cha meta 1.2. Shimo la sinki lenye upana wa sentimita 75 linaishia karibu meta 2.18 kutoka konani, kwa hiyo jointi itakuwa sentimita 22 mbele yake. Si vibaya. Lakini jiwe la sinki, ambalo ndilo dhaifu kuliko yote, litakuwa ndilo refu kuliko yote, meta 2.4 zenye shimo kubwa ndani yake. Mjini ningelikubali. Kwenye njia ya Nkombo, hapana.

Igeuze kona. Upe ukuta mfupi ile kona yote, ukanda mzima wa meta 2.4, usio na shimo lolote, kilo 78 za jiwe zima linalojua kujibeba. Ukuta mrefu sasa unaanzia sentimita 60 mbele na umebaki na meta 3. Zigawe meta 1.8 na meta 1.2. Kipande cha meta 1.8 ndicho kinachobeba sinki. Kipande cha meta 1.2, kilo 39, kinakwenda upande wa jiko la gesi. Jointi ya kwanza iko konani, ya pili iko pale ambapo sinki limekwisha kwa sentimita 22 na jiko la gesi halijaanza. Hakuna kipande kirefu kuliko mahitaji yake, na chenye shimo si kile kirefu. Jumla ya kazi haijaongezeka hata kidogo: jointi mbili katika mpango wote, sawa na zile za mwanzo.

Kuna faida nyingine, nayo ndiyo inayonifanya nisisitize kwamba mchoro huu utangulie matofali. Katika nchi nyingi za nje kaunta hukaa juu ya makabati ya mbao, na fundi wa jiwe anafuata kabati alilolikuta. Kwetu kaunta mara nyingi hukaa juu ya vikuta vya tofali na slabu nyembamba ya zege yenye nondo. Vikuta hivyo vinaweza kujengwa popote, kama utasema mapema. Jointi ya pili iko meta 2.4 kutoka konani, basi kikuta kimoja kiinuke hapohapo, kitovu chake chini ya mstari wa jointi. Milango ya makabati itapangwa kufuata kikuta. Jointi yenye ukuta chini yake haishuki upande mmoja wakati mama wa nyumba anapotwanga kitunguu saumu juu yake au mtoto anapopanda kuchungulia dirishani. Jointi iliyo juu ya slabu inayoning'inia itafunguka mapema kwa sababu zege lenyewe linanesa chini yake, kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini gundi inakihisi.

Kuhusu kona, kuna mafundi wanaopenda kukata jointi ya kona kwa mshazari, kama fremu ya picha. Inapendeza kwenye mchoro. Siipendekezi kwa granaiti. Jointi ya moja kwa moja ina urefu wa sentimita 60. Ya mshazari ina sentimita 85, yaani karibu mara moja na nusu ya kazi ya kubana, kujaza na kulinganisha. Kila kipande kinabaki na ncha kali ambayo inavunjika kwa kuguswa tu, na jiwe jingi linapotea kwenye mabaki. Mbaya zaidi, michirizi ya jiwe inagongana kwa pembe na kulivuta jicho kuitazama jointi, jambo ambalo hakuna aliyelitaka. Kuhusu kukata kaunta nzima yenye umbo la L kutoka bamba moja bila jointi konani, jibu ni fupi: kona ya ndani ni mahali ambapo nguvu zote hukusanyika, na ufa huanzia hapo. Kama ni lazima ikatwe hivyo, kona ya ndani iwe na mviringo mdogo, kamwe isiwe kali.

Tuje kwenye sinki, mahali ambapo mafundi hodari wanagombana. Wapo wanaosema jointi ipite katikati ya sinki kwa makusudi, na hoja yao si ya uvivu. Shimo la sinki linabakiza vipande viwili vyembamba, mbele na nyuma, kila kimoja cha sentimita kama 10. Jointi ikipita hapo, inayoonekana ni sentimita 20 tu badala ya 60. Pia, jiwe lenye shimo likisafirishwa zima, vile vipande vyembamba ndivyo vinavyokatika; likiwa limekwisha kugawanywa hapo, hakuna tena kipande chembamba kirefu cha kukatika. Rudi kwenye hesabu: jiwe la meta 1.8 likiwa zima na limelala linapindwa kwa megapaskali 3.2, lakini ukiondoa theluthi mbili za upana wake katikati, nguvu hiyo inakaribia maradufu pale kwenye vipande vyembamba, hata uzito wa jiwe lililotolewa ukipunguzwa. Kikomo chake ni 10.3. Hoja yao ina uzito.

Hata hivyo mimi nasimama upande wa pili, na sababu yangu ni maji. Mbele ya sinki ndipo panapolowa kila siku, asubuhi, mchana na usiku, ndipo sufuria nzito hugonga, ndipo watu huegemea. Granaiti nzuri haifyonzi maji mengi. Kiwango hichohicho cha Marekani kinaruhusu asilimia 0.4 ya uzito wake, si zaidi. Lakini jointi ni ncha mbili zilizokatwa, mbichi, zisizong'arishwa, na gundi ikiachia hata kidogo maji yanaingia na kuacha kivuli cheusi pande zote mbili ambacho hakitoki tena. Hatari ya safari ina dawa: kata shimo la sinki karakanani, kwa msumeno wa maji, kona zake zikiwa na mviringo, kisha funga ubao mnene mbele na mwingine nyuma ya shimo kwa vibano, na usiufungue hadi jiwe litue juu ya slabu. Wengine huchimba mfereji mwembamba chini ya vipande hivyo na kulaza ndani yake ufito wa nyuzi za kioo kwa epoksi. Ni kazi nzuri. Wasitumie tu nondo ya kawaida, maana chuma cha kawaida kikipata unyevu hushika kutu, kutu huvimba, na kile kilichowekwa kuliimarisha jiwe ndicho kitakacholipasua.

Wajenzi wa pwani yetu waliyajua mambo haya kabla ya granaiti kuwa bidhaa ya dukani. Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, kuta kubwa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyochongwa sana, yakashikwa kwa chokaa na kufunikwa kwa lipu, kwa hiyo maungio yake hayakuwa na haja ya kupendeza. Lakini kwenye miimo ya milango na vibla waliweka tumbawe laini lililochongwa likiwa bado bichi, na hapo kila ungio lilifikiriwa kwa sababu lingeonekana. Walitenga mahali pa kuficha na mahali pa kuonyesha, wakatumia nguvu zao panapostahili. Kaunta ya granaiti haina lipu ya kuifunika. Yote iko upande wa kuonyesha.

Ndiyo maana uchaguzi wa jiwe ni sehemu ya kazi ya jointi. Bamba linakatwa kutoka gogo kubwa la jiwe kama vipande vya mkate, na vinavyofuatana vinafanana. Omba mabamba yaliyofuatana, na ukipewa yenye namba, ziandike. Mawe mawili ya jina moja kutoka shehena mbili yanaweza kutofautiana kama ndugu wa mama mbalimbali. Yalowanishe maji na kuyatazama juani, si chini ya taa ya dukani, ndipo utaona rangi ilivyo. Kisha jambo ambalo wengi hawalijui: jiwe lenye vimetameta hubadilika rangi likigeuzwa, kwa sababu chembe zake zinaakisi mwanga kuelekea upande fulani. Vipande viwili vya bamba moja, kimoja kikigeuzwa kichwa chini, vinaweza kuonekana kama mawe mawili tofauti. Fundi achore mshale wa chaki nyuma ya kila kipande kabla ya kukata, na mishale yote ya ukuta mmoja ielekee upande mmoja. Jiwe jeusi la chembe ndogo lina msamaha mkubwa. La rangi nyingi na michirizi mirefu halina. Kwa nyumba ya kisiwani, ambako kulirudisha jiwe dukani ni safari nyingine ya kuvuka ziwa, mimi ningechagua lenye msamaha.

Kisha kupima. Kuta zetu mara chache zina pembe ya mraba kamili. Konani pima sentimita 60 ukuta mmoja, sentimita 80 ukuta wa pili, na umbali kati ya alama hizo uwe meta moja kamili. Ukizidi, kona imefunguka, ukipungua, imefunga. Usiandike namba tu na kuzipeleka Kamembe. Tengeneza kiolezo cha plaiwudi nyembamba au vijiti vilivyounganishwa kwa gundi, kiwekwe juu ya slabu, kipande kwa kipande, na jointi zichorwe juu yake kwa kalamu isiyofutika pamoja na neno “mbele”. Kiolezo ndicho kinachovuka kwenda bara. Kinarudi kikiwa jiwe.

Ukingo wa jointi ukatwe kwa msumeno wa almasi unaomwagiliwa maji, kwa mwendo wa taratibu, kwa sababu grenda inayokata kavu na kwa haraka inauma ukingo na kuacha vijimeno ambavyo hakuna gundi inayoweza kuvificha. Mafundi wazuri hukata ukingo kwa mwinamo mdogo mno kuelekea ndani, ili juu mawe mawili yakutane kabisa na chini ibaki nafasi ya gundi. Kingo zikutanishwe kwanza zikiwa kavu, bila gundi, na kidole kipitishwe kuvuka jointi. Kidole kinahisi tofauti ndogo kuliko jicho. Wafanyakazi wa Marekani hulenga jointi isiyozidi milimita 1.6 na tofauti ya kimo isiyozidi milimita 0.8, na sioni sababu ya fundi wa Rusizi au Mwanza kulenga ubora wa chini ya huo. Granaiti haivimbi sana kwa joto. Jiwe la meta 3 likipashwa nyuzi 15 linarefuka chini ya nusu milimita, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha ufa mpana ati jiwe lipumue.

Kama slabu ina mabonde, rekebisha slabu. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fundi analaza jiwe la kwanza kwa udongo wa saruji, anapima kwa pima maji, anaridhika. Analaza la pili, likawa juu kwa milimita mbili, anagonga kwa nyundo ya mpira hadi lishuke, na chini yake anabakiza tundu tupu pembeni mwa jointi. Miezi inapita, mtu anaweka ndoo ya maji hapo, na jointi inaachia. Kwa hiyo slabu isawazishwe siku kadhaa kabla, ikauke, na mawe yote mawili ya jointi yalazwe kwa mkupuo mmoja yakiwa bado yanasogea.

Futa kingo kwa asetoni hadi kitambaa kitoke safi, kisha subiri zikauke. Kwa gundi nachagua epoksi badala ya poliesta. Poliesta hukauka kwa dakika chache na ni rahisi, lakini haipendi unyevu wa muda mrefu, na jiko ni unyevu mtupu. Changanya epoksi na rangi ya unga, kidogo kidogo, na uijaribu juu ya kibaki cha jiwe lilelile. Katika jiwe la rangi nyingi ifuate rangi iliyo nzito kidogo, maana mstari mweusi mwembamba husomeka kama kivuli cha jiwe, na mstari mweupe husomeka kama kosa. Saruji nyeupe ya kujazia vigae isitumike kabisa. Nimeona kaunta za gharama kubwa zilizofanywa zionekane kama sakafu ya bafu kwa sababu ya kilo moja ya saruji nyeupe.

Mawe huvutwa pamoja kwa vishikio vya mpira vinavyonyonya uso wa jiwe, vikiunganishwa kwa skrubu. Palipo na vibano vya mbao na kamba, mikono yenye subira inafanya kazi hiyohiyo. Gundi ifurike kidogo juu. Ikishika vizuri, fundi anaikwangua kwa wembe mpya ulioshikwa karibu wima, kipande kwa kipande, na anaacha wembe wa zamani mara unapoanza kukwaruza.

Neno juu ya vumbi, ambalo lingestahili sura yake. Granaiti ina kwazi nyingi, na vumbi lake likivutwa mwaka baada ya mwaka linaacha makovu katika mapafu yasiyopona. Vijana wanaokata mawe kwa grenda kavu barabarani, leso ikiwa imefungwa puani, wanavuta jiwe. Leso haizuii chembe hizo. Maji ndiyo yanayozizuia, na kisiwa kilichozungukwa na Ziwa Kivu hakina udhuru wa kukata kavu. Mwenye nyumba ana haki ya kulidai hilo, na ana wajibu wa kulilipia.

Mwisho ni ukuta. Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga kusini mwa Ziwa Kivu, likaua zaidi ya watu 30 upande wa Rwanda, wengine wakiwa kanisani, na kubomoa majengo Rusizi, Nyamasheke na Bukavu. Bonde la Ufa halijalala. Jiwe la kaunta lililobanwa kabisa kati ya kuta mbili linapokea msukumo wa kuta hizo moja kwa moja, na litapasuka mahali palipo pembamba, yaani kwenye sinki. Acha nafasi ya milimita 3 kila jiwe linapokutana na ukuta, na uijaze silikoni, si saruji. Silikoni inanyumbuka. Hali kadhalika kona: jointi ya moja kwa moja pale konani inaziruhusu kuta mbili zitikisike kila moja kwa mwendo wake, na ikiachia, kinachohitajika ni kukwangua gundi na kujaza upya. Jiwe zima la umbo la L likipasuka hapo halina tiba.

Ule mstatili wa jiwe uliotolewa kwenye shimo la sinki, kilo kama 16, usiachwe karakanani Kamembe. Umelipiwa. Umetoka bamba lilelile, una rangi ileile na mshale uleule nyuma yake. Uvushwe na mawe mengine, uwekwe stoo pamoja na mabaki ya rangi ya unga katika mfuko ulioandikwa tarehe na kipimo cha mchanganyiko, ili siku jointi itakapohitaji kujazwa upya fundi awe na jiwe la kujaribia rangi, na siku ukingo utakapomeguka awe na jiwe la kutolea kiraka.